Sanduku la Mtemi Malugu

Febronia Ntandu alikuwa na miaka arobaini na sita siku aliyompiga mzee Obadia usoni kwa chuma. Kabla ya siku hiyo hakuwahi kumpiga mtu, hata binti yake wa kumzaa. Watu wa Ikungi waliomjua tangu usichana walikataa kuamini walipoambiwa, maana kwao Febronia alikuwa mtu wa kupigwa.

Alipigwa miaka saba. Mumewe, seremala wa Manyoni, alimvunja taya kwa mchi wa kutwangia mbele ya wapangaji wenzao, na hakuna aliyenyanyuka. Taya liliunga vibaya, na tangu hapo akawa anaongea polepole, kama anayepima kila neno kabla ya kulitoa. Aliondoka na binti mgongoni, akafika Singida mjini, akapata kazi ya kufagia katika ofisi ndogo ya watembeza wageni. Siku moja mwongozaji aliugua malaria, akatumwa yeye. Wageni waliporudi walisema hawajapata kusikia mtu akisimulia vile, taratibu, hadi unaona vumbi la wapiganaji.

Baadaye akawa na ziara yake mwenyewe, ya siku tano: Dodoma, Kondoa kwenye michoro ya mapangoni ambako watu bado hupeleka sadaka, Singida, Iramba, kisha kuteremka Sekenke, kupita Shelui na Nzega mpaka Tabora. Aliiita ziara ya ikulu na matambiko. Wageni wa kutoka Dar es Salaam aliwaambia kwamba neno lenyewe, ikulu, lilizaliwa huku bara kabla halijahamia pwani, nao walicheka na kuliandika kwenye simu zao.

Kituo alichokipenda kuliko vyote kilikuwa kijiji cha Ilyambo, juu ya uwanda wa Iramba, saa moja kutoka Kiomboi. Hapo palikuwa na tembe la Mtemi Malugu, kuta mbili zimesimama na mbili zimelala, na nyuma yake, ndani ya ua wa minyaa, makaburi sita. Malugu alinyongwa na Wajerumani. Walimtundika mbele ya wake zake, wakachoma maghala, wakawaacha watu wakila mizizi. Watu walimzika kwa siri, na hadi leo mvua ikikataa, wazee huenda pale na kondoo mweusi.

Mlinzi wa makaburi alikuwa mzee Obadia Msengi, kitukuu wa mtemi huyo. Kwa miaka tisa Febronia alikula ugali nyumbani kwake kila alipopita. Alimwita baba, naye mzee alimwita mwanangu. Rahel, mke wa mzee, alimfungia mafuta ya alizeti kwenye chupa za maji ili aende nayo mjini.

Habari ya sanduku ilianza kama mzaha. Mwaka wa pili wa ziara, mgeni mmoja aliuliza kama mtemi alizikwa na mali. Febronia, akiwa amechoka na kuona wageni wanasinzia, akasema ndiyo, alizikwa na sanduku la chuma lenye rupia za Mjerumani na dhahabu ya Sekenke. Usingizi ukawaisha. Safari iliyofuata akaongeza kufuli. Iliyofuata tena akaongeza kwamba askari watatu walikufa wakilitafuta. Mzee Obadia alikuwa amesimama pale pale, fimbo mkononi, na hakusema neno.

Mwezi wa sita mwaka jana alikuja mgeni mmoja aitwaye Gerald, mwanamume mnene mwenye maswali mengi. Alipima kwa hatua umbali kutoka ukutani hadi kaburini. Aliuliza kama kijiji kina walinzi. Febronia alimjibu yote, akadhani ni mtu wa kupenda historia.

Mwezi wa tisa Febronia akaja na walimu wastaafu wanane kutoka Morogoro. Kiongozi wao alikuwa mwalimu Selina, mama wa miaka sitini na nane, mwembamba, mwenye sauti ya kuamrisha darasa. Dereva wa basi lao dogo, Kosta, alikuwa Idrissa, ambaye Febronia alifanya naye kazi tangu mwanzo.

Waliingia Ilyambo saa tatu asubuhi. Kisimani hapakuwa na wanawake. Duka lilikuwa limefungwa. Idrissa alisema huenda kuna msiba, akapunguza mwendo kwa heshima. Walipozunguka nyuma ya tembe wakaona minyaa imekatwa na kaburi kubwa limefukuliwa, shimo la kuzidi kimo cha mtu. Pembeni, juu ya udongo mwekundu, kulikuwa na mbavu na fuvu lisilo na taya.

Mwalimu Selina aliinua simu akapiga picha. Hakuwa na ubaya, ndivyo alivyokuwa amefanya kila mahali tangu Dodoma. Ila kulikuwa na kijana amekaa juu ya mwamba akilinda, na alipoona simu akapiga yowe. Yowe likajibiwa mashambani, likajibiwa tena ng'ambo ya bonde.

Walitokea kila upande, wanaume thelathini au arobaini, na mapanga, marungu na mashoka ya kuni. Mbele yao alikuwa mzee Obadia.

“Shikamoo, baba,” Febronia alisema.

Mzee hakuitikia. Huko kwao, mkubwa akikataa shikamoo ya mdogo, ameshamhesabu miongoni mwa maiti.

“Umewaleta wamalizie,” mzee akasema. “Yule mnene wa mwezi wa sita ameonekana na gari jana alfajiri. Wewe ndiye uliyemwonyesha njia. Leo umekuja na wengine kuchukua kilichobaki.”

Febronia alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza uzito wa ulimi wake ukamponza. Kabla hajamaliza neno la kwanza, jiwe lilimpata Idrissa sikioni.

Idrissa alianguka kwa magoti, akainuka, akawasukuma walimu wawili kuelekea kwenye gari. Panga likamshukia. Alikinga kwa mkono wa kushoto, na vidole viwili vikaenda. Hakupiga kelele. Aliufunga mkono kwa kanzu yake akaendelea kuwasukuma wageni ndani ya Kosta, damu ikimchuruzika mpaka kwenye viatu. Vioo vilipasuka kimoja baada ya kingine. Mwalimu mmoja mwanamume alivunjwa bega kwa rungu akiwa mlangoni, wenzake wakamvuta ndani kwa mkanda wa suruali. Mtu mmoja alianza kukata matairi. Mwingine aliitisha petroli, na kijana akakimbilia kwenye pikipiki yake kuifyonza kutoka tangini.

Mwalimu Selina hakuwahi kulifikia gari. Walimkamata kwa nywele, wakamvuta hadi ukingoni mwa shimo na kumwangusha kifudifudi. Walimpiga mateke mbavuni. Alikuwa anawaambia, kwa sauti ile ile ya darasani, kwamba yeye ni mwalimu na hajachukua kitu, kisha sauti ikakatika. Mzee Obadia akasimama juu yake. Aliiinua fimbo yake ya mpingo, yenye kichwa kizito, kwa mikono miwili.

Febronia alikuwa karibu na mlango wa nyuma wa gari, mahali ambapo Idrissa huweka wili spana, chuma kile kirefu cha kufungulia nati za magurudumu. Baadaye hakukumbuka kukichukua. Alichokumbuka ni uzito wake, kwamba kilikuwa kizito kuliko alivyodhani, na kwamba alipokizungusha hakufunga macho. Kilimpata mzee chini ya jicho la kulia. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Mzee alikaa chini, polepole, kama mtu aliyechoka shambani, halafu akalala.

Angeweza kuishia hapo. Alimpiga tena begani, na mara ya tatu mgongoni, huku mtu akiwa ameshalala. Kila pigo alikuwa anatamka jina la mumewe. Hilo mwalimu Selina ndiye aliyelisikia, maana alikuwa amelala hapo hapo chini, na ndiye aliyelisimulia baadaye.

Wanaume waliduwaa. Walikuwa wamejiandaa kuua, lakini hawakutarajia kuona mwanamke wa makamo akimpiga mzee wao. Katika bumbuwazi hilo Febronia alimbeba Selina begani, na Idrissa, kwa mkono mmoja, akaiondoa Kosta huku tairi moja likiwa limekatwa na rimu ikisaga ardhi. Mawe yaliwafuata hadi barabarani. Walifika Kiomboi wakiwa wamepakaa damu wote, pamoja na wale ambao hawakuguswa.

Polisi waliandika fomu za matibabu, hospitali ikafanya kazi yake. Idrissa alishonwa. Selina alikuwa na mbavu nne zilizovunjika. Jioni ile ile gari la polisi lilimleta mzee Obadia pia, akawekwa wodi ya wanaume, askari mlangoni. Jicho la kulia halikuokolewa.

Gerald aliishi wiki tatu zaidi. Alitambuliwa Shelui, kwenye maegesho ya malori, akinunua mishikaki. Mtu alitaja jina la Ilyambo, mwingine akaita mwizi wa makaburi, na madereva, wauza vitunguu na wapita njia wakamaliza kazi kwa mawe na mipira ya magari kabla polisi hawajafika. Kwenye buti ya gari lake walikuta mashine ya kupimia madini, sururu, na mfuko wa salfeti, ule wa kuwekea nafaka. Ndani ya mfuko kulikuwa na bangili mbili za shaba na taya la mtu. Basi.

Habari zilimfikia Febronia jioni. Kesho yake akapanda basi la Kiomboi.

Wodini, Rahel alikuwa amekaa kando ya kitanda, anamlisha mumewe uji kwa kijiko. Alimtazama Febronia muda mrefu. Hakumfukuza, wala hakumpa kiti. Febronia akapiga magoti sakafuni.

“Baba, sanduku halikuwapo,” alisema. “Nililitunga mimi. Kufuli, dhahabu, askari waliokufa, vyote vilitoka kinywani mwangu. Yule mtu alikuja kuchimba maneno yangu.”

Nusu ya uso wa mzee ilikuwa imefungwa bandeji, nusu nyingine imevimba. Mwishowe alisogeza kijiko cha mkewe pembeni.

“Nilijua,” alisema. “Mimi ni wa ukoo. Malugu alizikwa na bangili mbili na ngozi ya ng'ombe, nilielezwa na babu. Nilikusikia ukisimulia mwaka baada ya mwaka. Wageni walimwona Malugu kuwa mkubwa zaidi, nami nikapenda.” Akapumua. “Nilitaka kumuua yule mama. Kwa hiyo usinililie jicho.”

Rahel aliweka bakuli chini, akatoka nje. Walimsikia akilia koridoni, na sauti yake haikuwa ya huzuni, ilikuwa ya hasira, kama ya mtu aliyeibiwa na wawili kwa pamoja.

Mahakamani vijana watano walifungwa miaka minane minane. Mzee alipata kifungo cha nje kwa sababu ya umri na jeraha. Febronia alisema yote kizimbani, na la sanduku pia, ingawa wakili alimkataza. Alisema pigo la kwanza lilikuwa la kumwokoa mwalimu Selina, na mawili ya mwisho hayakuwa. Hakimu aliandika kwa muda, kisha akasema hakuna shitaka lililofunguliwa dhidi yake, na ashuke. Alishuka, lakini watu waliokuwapo wanasema alisita ngazini, kama aliyetarajia kuitwa tena.

Mifupa ilizikwa upya mwezi wa kumi na moja mwaka huu, kesi ilipokwisha, baada ya mvua za kwanza. Febronia hakualikwa. Alifika kwa bodaboda, peke yake, amevaa khanga mbili na viatu vya shambani, akachukua jembe lililokuwa limeegemezwa ukutani, akajiunga na wanawake waliokuwa wanasogeza udongo. Hakuna aliyemsalimia, wala aliyemnyang'anya jembe.

Walipofika nusu ya shimo, mama mmoja aliacha kazi. Alikuwa mama wa kijana yule wa pikipiki, aliyefungwa. Alimwendea Febronia, akamzaba kofi upande wa taya lile bovu, kisha la pili, kisha akaanza kumpiga ngumi za kifuani, hovyo, akilia. Febronia aliliacha jembe lianguke. Mikono yake iliinuka hadi kifuani, ikaishia hapo. Damu ilimtoka mdomoni, akaimeza.

Mzee Obadia alikuwa ameketi juu ya jiwe, kitambaa cheupe kimefunika jicho. Hakuinuka. Ni Rahel aliyekwenda, akamshika yule mama kiunoni kwa nyuma, akamvuta taratibu mpaka kivulini kwenye ukuta wa tembe, akakaa naye chini, akimshika hivyo hivyo. Wanawake wengine walisubiri kidogo. Kisha mmoja akainama, akaanza kuvuta udongo, na wengine wakafuata. Febronia akajifuta kwa ncha ya khanga na kuokota jembe. Waliendelea hadi kaburi likawa sawa na ardhi.