Mwambie Atoke

Éliane alikuwa akishona sare za shule kibarazani kwake, mtaa wa Kataki, mjini Kalemie kando ya ziwa Tanganyika, siku Germain alipopiga simu kutoka Ulaya kuaga. Germain ni mdogo wake, kitinda mimba wa fundi wa reli aliyekufa zamani, na katika nyumba yao yeye ndiye aliyesoma hadi akawa injenia. Sasa alikuwa amechaguliwa, yeye na wenzake wachache, wafungiwe mwaka mzima ndani ya nyumba isiyo na madirisha, waishi kama wasafiri waendao sayari ya Mirihi. Wataalamu walitaka kujua moyo wa mtu huvumilia nini akiwa mbali kiasi hicho na watu wake.

"Nitawatumia sauti kila juma," alisema. "Itachelewa kufika, maana kule angani sauti huchelewa, na sisi lazima tuzoee. Lakini unisikie, Yaya. Jambo baya likitokea nyumbani, usiniambie mpaka nitoke. Mumoja akitoka, kazi ya wote imeharibika."

Éliane, Yaya wake, yaani dada yake mkubwa, akaahidi.

Mama yao, Mama Godelieve, aliguna aliposikia habari za nyumba hiyo. "Hata kuku, muntu anamufungulia asubuhi," alisema. Lakini alimbariki mwanawe, na kila Jumapili baada ya misa aliishika simu ya Éliane kwa mikono miwili akamsimulia bei ya ndagala, wale dagaa wa ziwani, nani ameoa, na ziwa limepanda mpaka nyumba ya nani.

Mwanzoni Germain alijibu kwa vicheko. Baadaye vicheko vikapungua. Alisema wawili kati yao waligombana vibaya kwa sababu ya kijiko. Mwingine hasalimii tena mtu. Yeye mwenyewe usingizi ulimkimbia, na harufu ya mvua ameisahau, akijaribu kuikumbuka haiji.

Kiangazi, presha ilimwangusha Mama Godelieve jikoni. Upande mmoja wa mwili ukafa, ulimi ukawa mzito. Hospitalini alikolazwa, jina la Germain ndilo lililotoka wazi kinywani mwake, na alilirudia kutwa. Éliane alisimama uani na simu mkononi. Ahadi ilikuwa ahadi. Akarekodi: "Germain, safari hii zungumuza na Mama kwa kirefu. Anakukumbuka sana."

Jibu lilipofika, aliiweka simu sikioni mwa mgonjwa. Germain alizungumza kweli kwa kirefu: chakula cha unga, miguu inayokonda, kuta zilezile, nyuso zilezile. Mwishoni sauti ikamkatika. "Mama, nimechoka. Uniombee tu."

Machozi yalimtiririka mama hadi kwenye mto. Alihangaika na ulimi wake, mpaka maneno yakatoka. "Mwambie atoke." Akamshika Éliane kwa mkono ule mzima. "Atoke, Éliane."

"Ndiyo, Mama," Éliane akajibu.

Akatoka uani, akabonyeza simu, akamwambia mdogo wake kwamba wote ni wazima na kwamba mvua bado haijanyesha.

Jumapili haikumkuta Mama Godelieve hai.

Matanga yalipokwisha, uongo ukaendelea. Mama ana mafua, sauti imemkauka. Mama analala, Éliane hakutaka kumwamsha. Jirani yake, Mama Lucie, alimkuta siku moja akirekodi. "Unamuficha muntu kifo ya mama yake?" akauliza. Éliane aliinamia cherehani akashona mkono wa shati mahali pa kola. Juma lililofuata alimwambia Germain kwamba mama amepanda boti kwenda Mpala kwa ndugu zake, na huko hakuna mtandao. Tangu hapo Germain hakuuliza tena habari za mama. Éliane akashukuru Mungu, akidhani ameamini.

Mwaka ulipotimia, simu ikalia. Germain hakuanza na salamu.

"Yaya, mulimuzika wapi?"

Éliane alikaa chini palepale. "Ulijua?"

"Mama aliogopa maji maisha yake yote. Apande boti, aende Mpala?"

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Kama ningelisikia kwa mudomo wako, nisingeweza kubaki mule."

Basi yeye kule alikuwa akiomboleza peke yake ndani ya kuta, na Éliane huku peke yake juu ya cherehani, na kila Jumapili walidanganyana kwa sauti tamu.

Germain alikuja Kalemie amekonda, anashtuka kwa kelele za soko, akitazama ziwa kizunguzungu kinamshika kwa kuwa macho yake yalikuwa yamezoea kuta za karibu. Kaburini aliuliza mama alisema nini mwishoni. Éliane alikuwa na jibu jema alilolitengeneza siku nyingi, lakini alikuwa amechoka kudanganya.

"Alisema nikwambie utoke. Sikukwambia."

Germain aliushika msalaba wa mbao.

"Ule mulango wa kutokea," alisema, "haukuwa na kufuli. Nilikuwa napita karibu yake kila siku nikienda kuoga. Kuusukuma tu."

Éliane alinyoosha mkono amguse bega. Germain alisogea pembeni kidogo, si kwa hasira, na mkono ukabaki hewani.

Alirudi Ulaya kabla ya misa ya ukumbusho. Siku hizi bado hupiga simu. Kila mmoja humwuliza mwenzake hali, na kila mmoja hujibu kwamba hajambo.