Asubuhi ya Kusafisha Njia ya Hewa

Mama alikuwa aonwe na daktari wa macho Bungoma saa tano, na hiyo nafasi tuliingojea miezi mingi. Jicho la kushoto lilikuwa limeisha kabisa. La kulia ndilo walitaka kuokoa. Mama anakaa Malakisi, mimi niko Tuwan hapa Kitale, na gari yetu ilikuwa inazima kila nikitoa mguu kwa mafuta.

Bwanangu alikuwa kazini mbali. Fundi simu yake imezimwa. Basi kulipopambazuka nikafungua boneti mwenyewe.

Filta ya hewa ilikuwa imejaa vumbi na makapi ya mahindi, kwa sababu tulikuwa tunabeba mavuno. Nikaigonga chini mpaka ikatoa yote. Nikatoa ile paipu kubwa ya hewa. Ndani, kile kifuniko cha chuma kinachofunguka ukikanyaga mafuta kilikuwa kimeganda masizi. Nikapuliza dawa ya mkebe, nikapangusa na kitambaa, nikarudia mpaka chuma ikaonekana.

Shemeji, ndugu ya bwanangu, akatoka kwake na mswaki mdomoni. Akaona ile sensa ndogo ya kupima hewa, yenye waya nyembamba kama unywele.

"Mulamwa," akaniita, ndiyo shemeji kwa lugha yetu, "hiyo nayo ni chafu. Leta nisugue na huu mswaki."

"Ngoja nisome mkebe."

"Ati mkebe? Si ni dawa ya kusafisha? Inasafisha."

Kusoma Kiingereza nilijifunzia ngumbaru, masomo ya jioni, nikiwa tayari mama wa watoto watatu. Bado nasoma na kidole. Nikafuata maneno pole pole, saa inaenda.

"Wamesema isiguse sensa."

"Wewe na masomo yako. Utachelewesha mama."

Hapo aliniuma, kwa sababu ilikuwa kweli. Lakini sensa sikumpa. Nikarudisha kila kitu, nikafunga, nikaweka mkono kwa usukani nikaomba Mungu. Nikawasha. Gari ikatetemeka kama mtu wa malaria, ikazima.

"Si nilikuambia," shemeji akasema.

Nikawaza nimeharibu gari, nimeharibu na jicho la mama. Saa moja ya asubuhi ilikuwa imepita. Kisha nikashuka, nikaanza upya toka kwa filta, nikigusa kila kitu na mkono. Soketi ya sensa ilikuwa inaning'inia. Niliichomoa nikitoa paipu, na nilikuwa sijaichomeka tena.

Shemeji akacheka mpaka akameza dawa ya meno. "Mulamwa, hata Mungu anataka soketi ichomekwe."

"Nyamaza uchomeke basi, mkono wako ni mrefu."

Akachomeka. Nikawasha, nikatoa mguu kwa mafuta. Injini ikapanda juu, ikashuka, ikatulia. Sikungoja kuagana.

Njia yote sikuzima. Kila nikipunguza mwendo kwa bampu nilikuwa nasikiliza injini. Malakisi nilimkuta Mama amekaa nje na nguo ya kanisa, uso ameelekeza kwa mlio wa gari.

"Ni nani? Ni wale watu wa kununua tumbako?"

"Ni mimi, Mama. Ingia tu, sizimi."

Niliizima kwa geti ya hospitali, ikiwa saa tano kasoro dakika kumi. Nikamfungulia mlango, nikamshika.

"Mbona mikono inanuka hivi?" akauliza.

"Ni kazi, Mama. Shuka pole pole, kuna ngazi."