Sanduku la Spea Nyuma ya Tangi

Ilianza Jumamosi, saa kumi na mbili na robo asubuhi, tukiwa tumezunguka Kombi ya baba hapa nyumbani Matinyani, macho tumefumba. Kwetu gari haliondoki bila maombi. Siku hiyo aliyeomba ni mama, kwa hivyo nilijua nina muda.

Baba alikuwa ameshakagua sanduku lake la spea chini ya kiti cha nyuma: fenibelti, plagi, kebo ya klachi. Gari lenyewe ni kuukuu, na bila hilo sanduku hatoki hata kwenda kusaga mahindi. Lakini kiti hicho ndicho chetu sisi wasichana wa kwaya, na safari iliyopita mmoja alishika doa kwenye sketi yake akaniuliza mbele ya wote, "We fundi, hii grisi yenu ni ya kujipaka?" Walicheka mpaka Machakos. Mimi huwa sijibu. Nakaa nayo tu.

Mama alipofika kwa kuombea madaraja, nilivuta sanduku polepole, nikaliweka nyuma ya tangi la maji. "Amina," nikasema pamoja na wengine.

Tulikuwa tumevuka mto Athi, tunaelekea mkutano wa kanisa Kasikeu, taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi. Baba akasimama papo hapo. Fenibelti imekatika.

"Hii ni kazi ndogo," aliiambia kwaya, akainama chini ya kiti. Akainuka. Akainama tena.

"Mama watoto, si nililiona hapa asubuhi?"

"Ulisema umeliona."

"Nililiona kwa macho yangu!"

Mama akamtazama. "Baba yako pia alianza hivyo."

Babu alikufa akiuliza ng'ombe wake wako wapi, nao wamesimama mbele yake. Baba alikaa kwenye jiwe akaangalia mikono yake. Nikafungua mdomo. Wale wasichana walikuwa hapo karibu. Nikaufunga.

Mama alikata mkanda wa kiondo chake, baba akaufunga mahali pa belti. Haukutufikisha mbali. Mpaka mtu wa bodaboda atuletee belti, jua limeshageuka, na Kasikeu tulikuta mkutano umekwisha, viti vinakusanywa. Hakuna aliyemlaumu baba. Afadhali wangemlaumu. Tukirudi aliendesha polepole, akamwambia mama, "Gari hili nitaliuza. Mtu anayesahau hafai kubeba watoto wa watu." Nami niko nyuma, naangalia dirisha.

Asubuhi yake, kabla ya kanisa, nilienda nyuma ya tangi. Ningeita tu, "Baba, limepatikana!" na angeamini aliliacha hapo mwenyewe. Nililibeba kifuani hivyo hivyo, na blauzi nyeupe ya kwaya, mpaka mezani alipokuwa akinywa chai.

"Baba, hukusahau. Ni mimi nililitoa, mkiwa mmefumba macho."