Ganesh wa Udongo Mbichi

Udongo wa kufinyangia ukimwagiwa maji hutoa harufu ya mvua ya kwanza, na nyumbani kwetu Samuye harufu hiyo ilikuwepo hata kiangazi, maana mama yangu alikuwa mfinyanzi. Mitungi yake ilijulikana mpaka Shinyanga mjini kwa kutovunjika ovyo. Nami, nikiwa na miaka kumi na mmoja, nilikuwa na maringo kweli, kwa sababu ng'ombe na kuku niliowafinyanga walisifiwa na kila aliyepita.

Mwaka mmoja Mama Hitesh, Mhindi mwenye duka la vitambaa mjini na mteja wetu wa siku nyingi, alikuja amenyong'onyea. Sanamu ya mungu wao Ganesh aliyoiagiza Mwanza ilifika vipande vipande, na sikukuu ilikuwa imebakiza siku nne. Alituonyesha picha kwenye simu: kichwa cha tembo, kitambi, mikono minne, pembe moja imekatika. "Mhuli!" mama akaangua kicheko, akimwita tembo kwa Kisukuma. "Mwachie Kabula, wanyama ni kazi yake." Mama Hitesh alinieleza kwamba huyo ndiye mwondoa vikwazo, mtu anayeanza safari, ndoa au biashara humwomba yeye kwanza. Nilifinyanga, nikaanika juani, kisha nikafanya ambalo mtoto yeyote wa mfinyanzi angefanya. Nikamchoma kwa samadi na nyasi. Alitoka mwekundu, mgumu, hana ufa hata mmoja.

Siku ya tatu nilimpeleka mjini kichwa juu.

"Shikamoo, Mama Hitesh."

"Marahaba, mwanangu." Akaigonga sanamu kwa ukucha, ikalia kama kikombe. Akakaa kwenye ngazi ya duka. "Kabula, umemchoma?"

"Ndiyo, hatavunjika milele!"

"Ndiyo tabu yenyewe. Ganesh ni mgeni. Tunamkaribisha, tunampa maua na vitamu, siku ya tano tunaagana naye, tunamtia majini ayeyuke arudi kwao. Huyu wako ataondokaje?"

Nililia njia nzima, kwa aibu na kwa hasira. Nilijua nimeharibu sikukuu ya watu na jina la mama pamoja. Mama hakunigombeza. "Udongo si bado upo?" alisema, akanisogezea beseni. Nikafinyanga mwingine jioni ileile, nikamkausha kivulini asipasuke, na asubuhi ya sikukuu nikamkabidhi akiwa mbichi, nikiomba Mungu asimong'onyoke mikononi mwangu.

Siku ya tano nilialikwa. Uani kwa Mama Hitesh waliweka beseni kubwa la maji, wakaimba, wakamshusha taratibu. Roho yangu ilikuwa juu: je, akigoma? Mkonga ukaanguka kwanza, yakafuata masikio, kisha kitambi kikalainika na kutawanyika, maji yakawa mekundu yote. Watu wakashangilia, nami, mtoto wa Kikatoliki, nikapiga vigelegele kuwashinda wenye sikukuu yao. Sijawahi kufurahi vile. Maji yale yakamwagiwa miche ya maua.

Leo nina karakana yangu mjini. Madukani zimejaa sanamu za plasta, zinang'aa kwa rangi, lakini ukizitia majini zinakaa kama mawe. Ndiyo maana kila mwaka oda zinanijia mpaka kutoka Mwanza na Geita. Juzi mteja mmoja alinipigia simu akipiga kelele, "Dada, ameyeyuka wote, hata sikio halikubaki!" Nilimwekea mama spika asikie. Akatikisa kichwa, akasema Shinyanga nzima ni fundi mmoja tu anayesifiwa kwa kazi iliyopotea. Nikamjibu kwamba fundi huyo ni binti yake, na safari hii alicheka mpaka akashika mbavu.