Ardhi Aliyoichora Kunegunda

Kitu cha kwanza nilichokigundua kwa Kunegunda Kapinga ni mwendo wake. Anapotembea huweka unyayo mmoja mbele kabisa ya mwingine, katika mstari mmoja, hata pale ambapo barabara ni pana kiasi cha kupishanisha malori mawili. Siku nilipohamia chumba cha uani kwao, Matogoro, nilimwona akishuka mteremko na ndoo ya rangi katika kila mkono, nikadhani anaumwa mguu. Mama yake, bibi Getruda, ndiye aliyeniondoa wasiwasi. Alisema, huku akicheka, kwamba mtoto aliyejifunzia kutembea juu ya matuta ya ngoro hawezi kutembea namna nyingine.

Kwa asiyezijua, ngoro ni kilimo cha Wamatengo wa milima ya Mbinga. Mteremko mzima huchimbwa mashimo yaliyopangana kama sega la nyuki, na kila shimo huzungukwa na matuta pande zote. Mazao huota juu ya matuta. Mashimo hupokea maji ya mvua ili yasikimbie na udongo kwenda bondeni. Mtu anayepita humo na mzigo kichwani hupita juu ya tuta, mguu mbele ya mguu, na akikosea anaingia shimoni. Nimeyaeleza haya mapema kwa sababu dhuluma aliyofanyiwa Kunegunda inaanzia hapo hapo.

Kunegunda ana miaka thelathini na sita. Kazi inayomlisha ni kuchora kuta za shule. Ukiingia shule ya msingi hapa Songea ukakuta ukutani ramani ya Tanzania ambayo maziwa yake yote yako mahali pake, au moyo wa binadamu ambao mishipa yake inaonekana kama inapiga, huenda umekutana na mkono wake. Lakini jioni, akishanawa rangi, huchukua kishikwambi chake chenye ufa pembeni na kuchora vitu ambavyo hakuna mwalimu mkuu angevitaka ukutani. Huchora vilima vilivyoungua, visiki vyeusi vinavyofuka moshi, na ukungu wa Juni aliokuwa akitumwa maji ndani yake utotoni, asione hata mkono wake mwenyewe. Huchora nguruwe pori waliokuwa wakila mahindi ya baba yake, ila nguruwe wake ni wakubwa kama nyumba na migongo yao imeota nyasi.

Michoro hiyo, aliyokuwa akiiweka mtandaoni bila kutarajia chochote, ndiyo iliyomfikisha kwenye gemu liitwalo Njia ya Majivu. Studio moja changa ya Dar es Salaam, ambayo sitaitaja, ilikuwa inatengeneza gemu la kukimbia, kuruka na kudandia. Msichana mwenye kibatari anavuka nchi tano ambamo jua limekufa, na kibatari kikizimika, naye anakufa. Mkurugenzi wa studio, bwana Dastan, alimwomba Kunegunda achore nchi ya tatu. Aliichora kwa miezi kumi na minne, na nchi aliyochora ilikuwa shamba la mama yake.

Nimeliona. Ni mlima mzima wa ngoro chini ya mwezi mwekundu, unaopanda mpaka unapotelea katika mawingu. Mashimo yamejaa maji, na kila shimo limebeba mwezi wake. Juu ya matuta yamebaki mabua ya maharage yaliyokauka, na upepo ukipita yanalala yote upande mmoja. Nguruwe wanatembea kwa mbali, polepole, na udongo unatikisika. Sijawahi kuona picha iliyonitia hofu na wakati huo huo ikanifanya nitamani kuingia ndani yake. Studio nayo iliona hivyo. Tangazo la gemu, lile walilolisambaza kila mahali, lilikuwa na vilima hivyo hivyo.

Gemu lilitoka mwanzoni mwa Desemba. Sitalitetea pasipostahili. Msichana huchelewa kuruka baada ya kitufe kubonyezwa, maandishi ni madogo mno, na mapigano ya mwishoni yanachosha. Hata hivyo watu walivumilia yote hayo hadi nchi ya tatu, na hapo wakaacha. Kila aliyekanyaga tuta alianguka. Msichana alipita katikati ya udongo kana kwamba ni moshi, akatumbukia gizani, kibatari kikazimika. Watu walirudia mara ishirini, mara thelathini, kisha wakafunga. Mchambuzi mmoja mwenye wafuasi wengi aliandika kwamba hajawahi kuona gemu zuri hivi kwa macho, lakini mchoraji wa nchi ya tatu alipenda uzuri kuliko haki, akatega mitego badala ya kuchora njia.

Sentensi hiyo moja ilinakiliwa na kila mtu. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza gemu linatengenezwaje. Mimi nilisoma mambo haya chuoni, na ningeweza kumweleza mchambuzi yule kwa dakika mbili. Katika gemu la namna hii kuna ardhi mbili. Ipo ile inayoonekana, ambayo ni picha, na ipo nyingine isiyoonekana, inayowekwa na mtaalamu wa programu, na hiyo ndiyo inayoshika miguu. Kunegunda alichora ya kwanza. Ya pili iliwekwa na kijana aitwaye Edwin, na Edwin aliiweka juu ya mashimo. Matuta aliyaacha matupu. Ukimpeleka msichana juu ya maji, anatembea salama. Ukimpeleka juu ya udongo, anakufa.

Siku Kunegunda alipomwonyesha mama yake gemu kwenye simu, bibi Getruda aliivuta miwani chini puani akatazama kwa muda mrefu.

“Huyu mtoto anatembea juu ya maji?” aliuliza.

“Ndiyo, mama.”

“Na udongo ndio unaomzamisha.”

“Ndiyo.”

“Hata Petro alizama, tena Bwana wake alikuwa pale pale,” alisema bibi, akamrudishia simu.

Tulicheka, lakini Kunegunda hakucheka kwa muda mrefu. Alikuwa amewaandikia studio tangu wiki ya kwanza, akapewa jibu la kusubiri. Jibu lenyewe lilikuja tarehe sita Januari. Bwana Dastan aliandika kwamba mandhari ya nchi ya tatu ni mazuri sana ila yanawachanganya wachezaji, ambao hawayajui mashamba ya kwao Kunegunda. Kwa hiyo ifikapo mwisho wa mwezi vilima vyote vitaondolewa, na mahali pake zitawekwa ngazi za mawe ambazo tayari zimo katika nchi ya kwanza. Alimshukuru kwa mchango wake.

Barua ile niliisoma mara mbili. Mashamba ya kwao! Walipoyahitaji kwa tangazo hayakuwachanganya. Na lililoniuma zaidi ni kwamba Kunegunda hakuwa ametuma picha tupu. Alituma pamoja nayo ukurasa wa maelezo, mlima ule ule, na juu ya kila tuta la kupita amechora mstari mwekundu na kuandika kwa mkono wake wa shule, herufi safi: miguu hupita hapa. Alinionyesha ujumbe wa bwana Dastan wa siku ile. Ulisema, tumepokea, kazi safi. Ukurasa ulipokewa, ukasifiwa, kisha haukufika kwa yule aliyeuhitaji. Sasa kosa la ofisi nzima linabebeshwa mtu mmoja aliye mbali kilomita mia tisa, kwa sababu yeye hayupo mezani kujitetea.

Kunegunda hakupiga kelele. Alikwenda kazini kama kawaida, akamaliza ini na figo katika ukuta wa darasa la saba. Ila aliporudi aliniambia kitu ambacho sijakisahau. Alisema jina lake wakilifuta atalia siku mbili kisha ataendelea na kuta zake. Mlima wakiufuta, basi maelfu ya watu watakaokuwa wameuona watabaki wakijua kwamba ardhi ya Wamatengo ni ardhi inayoangusha watu, na hakuna atakayewaambia vinginevyo.

Wazo la kuwajibu kwa ushahidi lilikuwa la bibi Getruda. Alisema watu wasioelewa mchoro waonyeshwe shamba. Nyuma ya nyumba yetu kuna mteremko mfupi unaoelekea mlima Matogoro, wenye nyasi ndefu. Tulikubaliana kuchimba ngoro kumi na mbili pale. Kunegunda akashika panga aanze kukata nyasi, mama yake akamnyang'anya. Nyasi za ngoro hukatwa na kulazwa kwa miraba na mwanamume, na mwanamke ndiye anayefukia kwa jembe. Bibi hakuwa tayari kuwatumia watu wa Dar es Salaam ushahidi uliokosewa tangu mwanzo. Ikabidi aitwe jirani yetu Pankrasi, fundi baiskeli, naye ni Mmatengo wa Litembo. Alikuja akilalamika kwamba alihama Mbinga ili asilaze nyasi tena maishani, akazilaza zote asubuhi moja, miraba yake imenyooka kuliko uzi wa fundi mwashi. Bibi na Kunegunda wakachimba katikati ya kila mraba, wakaurusha udongo juu ya nyasi mpaka matuta yakainuka.

Nilidhani tutapiga video siku ile ile. Bibi alikataa. Tuta jipya ni laini, alisema. Liache linyeshewe, nyasi zishikane na udongo. Kwa hiyo tulisubiri huku Januari ikikatika, na kila siku mimi nilikuwa nahesabu zilizobaki kabla ya ngazi za mawe. Tarehe ishirini na mbili mvua ilinyesha tangu alfajiri hadi saa nne. Ilipokatika, mashimo yote kumi na mawili yalikuwa yamejaa maji, na yaling'aa.

Bibi Getruda ana miaka sabini na moja. Alivua kandambili, akajitwisha ndoo ya lita ishirini iliyojaa, akapanda mteremko ule juu ya matuta bila kuishika ndoo kwa mkono, akageuka, akashuka. Hakumwaga hata tone. Kisha, bila kuombwa, alichukua fimbo ndefu ya Pankrasi akaitumbukiza katika shimo la kati mpaka ikagusa chini, maji yakaipanda kimo cha kupita goti la mtu mzima. Akaitoa, akaielekezea simu ili waone palipolowa. Video nzima ni dakika moja na nusu. Kunegunda hakuongeza muziki wala maneno. Aliambatanisha ukurasa wake wa mistari myekundu, na safari hii hakumtumia bwana Dastan peke yake. Alimtumia pia Edwin, ambaye jina lake alilipata katika orodha ya waandaaji mwishoni mwa gemu.

Edwin alipiga simu mchana ule ule. Kunegunda aliweka sauti kubwa ili sote tusikie. Kijana hakujitetea sana. Alieleza kwamba alipewa picha peke yake, ukurasa wa maelezo ndiyo kwanza anauona, na aliuliza ofisini akaambiwa aendelee, siku zimebana. Kisha akaomba kumsalimia yule bibi wa kwenye video.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Wewe ndiye unayewazamisha watu kwenye udongo?”

“Ndiye mimi, bibi. Nimezaliwa Temeke, kwetu hakuna milima. Niliona vitu vya duara vinang'aa, nikajua ni mawe ya kukanyagia.”

“Ungeuliza mwenye shamba.”

“Ningeuliza, bibi.”

“Basi sasa umeliona. Lirekebishe.”

Alilirekebisha kwa siku mbili. Aliondoa ardhi isiyoonekana juu ya maji, akaitandaza juu ya matuta kwa kufuata mistari myekundu. Kunegunda alipotumiwa toleo lile alipanda mlima wake mwenyewe mpaka mawinguni kwa mara ya kwanza tangu auchore. Nilikuwa nimekaa karibu yake. Kidole chake kilisimama juu ya kioo pale juu kabisa, na msichana wa kibatari akasimama naye, upepo ukiyalaza mabua.

Ungetarajia kwamba jambo limekwisha hapo na kwamba bwana Dastan aliomba radhi. Hakuomba. Alisema ngazi za mawe ziko tayari, na yeye hawezi kuongozwa na video ya bibi mmoja. Edwin ndiye aliyembana mbele ya wenzake wote, akatishia kutozipanga hizo ngazi, mpaka mkurugenzi akakubali jaribio moja. Wachezaji mia mbili walioacha gemu pale vilimani wametumiwa toleo jipya bila kuelezwa kilichobadilika. Nusu yao wakivuka mlima ndani ya wiki moja, vilima vinabaki, na studio itaandika hadharani kwamba mchoro haukuwa na kosa. Wasipofika nusu, ngazi zinawekwa Jumatatu.

Naona ni sharti la uonevu. Mtu aliyechora sawasawa anapimwa upya kwa vidole vya watu mia mbili waliokwisha kukata tamaa, wengine hata gemu lenyewe walishalifuta. Nilimwambia Kunegunda alikatae. Alinijibu kwamba hatalikataa, kwa sababu anautaka mlima wake kuliko anavyotaka kushinda ubishi.

Leo ni Alhamisi. Edwin ametuma ujumbe mmoja tu tangu wiki ianze, kwamba haruhusiwi kusema idadi, ila Kunegunda asilale njaa kwa wasiwasi. Matokeo yatatoka kesho saa kumi jioni. Kunegunda ameomba ruhusa kwa mwalimu mkuu ateremke ngazini mapema, na mchoro wa mfumo wa chakula katika ukuta wa darasa la sita utabaki bila utumbo mpana hadi Jumatatu. Pankrasi amesema atafunga banda lake saa tisa. Bibi Getruda ameniagiza nimsomee matokeo mimi mwenyewe, polepole, kwa sauti, na anataka kwanza kuambiwa wangapi wamefika juu.