Saa Nne ya Shumba

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kitengo cha Mitandao hakunipa hata kiti. Alinikabidhi ruta, kile kisanduku kinachoelekeza mawasiliano, akasema, "Bi Salma, twende Shumba. Kituo cha afya kinataka kutuma majibu ya damu hospitali ya Chake kwa njia iliyofungwa."

Njia iliyofungwa ni ile ambayo maneno husimbwa, yaani huvurugwa, asiye na ufunguo asiambulie kitu. Kwanza seva, kompyuta kuu ya hospitali, huonyesha cheti chake, chenye siku na saa ya kuanza kutumika, na ruta hukikagua. Cheti hicho kilitolewa asubuhi ile ile, saa mbili.

Tulipofika, Mkuu akawasha ruta, akaiwekea saa, nami nikaandika amri. Ikakataa. Nikarudia, ikakataa tena. Bi Kombo, nesi wa kituo, keshaanza kufoka: "Yule mjamzito anangoja daktari wa Chake asome majibu yake. Mtaniulia mtu nyie!"

"Zima usimbaji," Mkuu akaniambia. "Yapite wazi, kwa leo tu."

"Mie siyapitishi wazi! Kisiwa hiki, ukikohoa Shumba, Ole washakupa pole. Damu ya mtu ni siri yake."

"Siku yako ya kwanza hii, ujue."

"Najua, Bwana Mkuu. Niache nisome."

Nikasoma ujumbe wa ruta mstari kwa mstari. Cheti hakijaanza kutumika. Hakijaanza vipi?

"Bwana Mkuu, saa ngapi sasa?"

"Saa nne. Si nimeiweka hapo?"

"Umeiwekea ya kwetu! Mashine huhesabu toka usiku wa manane, kwake sasa ni kumi. Umeirudisha alfajiri, cheti hakijazaliwa!"

Bwana we, alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Nikarekebisha saa, ruta ikakubali, majibu yakaenda. Daktari akaagiza mama aletwe Chake mara moja, na gari likamchukua. Alijifungua salama, alhamdulillahi.

Wanangu mnaoingia kazi hii, mtaambiwa mfungue kwa leo tu. Msikubali. Nimefanya kazi Wete, Mkoani na Chake, na sijaona ile leo tu iliyokuja kufungwa kesho yake.

Sasa nimestaafu, nipo Wawi na sukari yangu. Juzi nilitolewa damu, dada wa maabara akaniambia, "Bi Salma, natuma majibu yako Chake."

Nikamshika mkono. "Ngoja, mwanangu. Mashine yako inasema saa ngapi?"

"Kumi na moja, Bi Salma."

Nikatazama dirishani. Jua lilikuwa la saa tano.

"Haya, tuma."