Build yangu ya stealth ilivyotaka kunipoteza Mutsamudu

Wakuu, salaam zenu popote mlipo. Kwenye uzi wa jana mlikuwa mnabishana ipi build bora, yaani namna ya kumjenga mtu wako kwenye gemu, ya shoka au ya kunyata, nikajiambia nikae kimya. Nimeshindwa.

Hiki ninachokiandika kimenikuta mimi mwenyewe, siyo jirani wala shemeji. Chumvi siongezi, maana chenyewe kilishakolea.

Ni kirefu kidogo. Mwenye haraka apite.

Mwanzo wa 2008 nilikuwa Komoro. Mimi mtoto wa Kariakoo, ila kwa baba tuna damu ya huko. Binamu yangu Saidi anakaa Moroni, Badjanani, vile vichochoro vya karibu na msikiti wa zamani wa Ijumaa. Nilikuwa fundi kompyuta nisiye na kazi, akaniambia njoo, huku mafundi wachache. Nikaenda.

Saidi ndiye aliyeniingiza kwenye gemu. Jina silitaji, nikilitaja mtaacha kisa mgombanie toleo. Ni zile za dunia wazi: unatengeneza mtu wako, unaachiwa nchi nzima, unakwenda utakako. Wa Saidi alikuwa jitu la shoka, akiingia kijijini mpaka kuku wanajua.

Mimi nikachagua mwizi.

Kwa wasiojua, stealth, yaani kunyata usionekane, ni kazi ya subira. Mavazi ya chuma nilitupa yote, yanapiga kelele. Nikambakiza na ngozi laini na viatu vya kitambaa. Pointi zote kwenye kunyata, upinde na kufungua makufuli.

Kunyata kunapanda kadiri unavyokutumia. Basi nilikuwa namchuchumaza nyuma ya muuza duka aliyelala, namwelekeza ukutani, nabana kitufe kwa kiberiti, naenda kuswali. Nikirudi nakuta level imepanda. Mnaosema huo ni udanganyifu, semeni tu, nimezoea.

Katikati ya kioo kuna jicho. Likifumba, hakuna anayekuona. Likifumbuka, umekwisha. Nililipenda lile jicho, wakuu, siku nzima nilikuwa naliangalia lenyewe.

Sasa kazi ikapatikana Mutsamudu, kisiwa cha Nzwani. Mfanyabiashara wa karafuu alitaka kompyuta dukani kwake. Kisiwa kile kilikuwa kimejitenga, wakubwa wake hawaisikilizi Moroni. Saidi akanionya. Nikamwambia mimi naenda kufunga kompyuta, siasa zao zinanihusu nini.

Nikavuka na laptop yangu, gemu ndani.

Haikupita muda boti za abiria zikasimama. Mafuta yakaadimika, umeme ukawa wa mgao. Kisha redio zikaanza kusema majeshi ya nchi za Afrika yanakuja kuisaidia Moroni kukirudisha kisiwa, na ya Tanzania yamo.

Na mimi Mtanzania niko katikati ya mji. Hapo ndipo ilipasa niogope, ila kichwa changu kilikuwa kwenye gemu.

Nilikuwa nimefikia kwa Koko Echati. Koko ndiyo bibi kwa lugha yao. Utotoni aliwahi kuishi Unguja, nyumbani kwa bibi yangu mzaa baba, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Alikuwa na duka la vitambaa sokoni. Mumewe, Mzee Bakari, alikuwa kuli wa bandarini zamani, sasa amestaafu. Mpole sana yule mzee. Kwa Wakomoro nyumba ni ya mwanamke, mume ndiye anayehamia, na pale kwao hata kiti cha mzee kilikaa alipotaka Koko.

Mtaani pale Kiswahili alikuwa anakijua Koko peke yake. Lakini lugha zetu ni ndugu, kwa hiyo jirani akitega sikio haondoki mikono mitupu. Na dirisha langu lilikuwa juu ya kichochoro chembamba kiasi kwamba mama wa upande wa pili angeweza kunipa chumvi bila kutoka kwake.

Gemu nikawa nimekwama kwenye ngome. Ipo kilimani, unatakiwa uingie mpaka chumba cha ndani kabisa usionekane na mtu. Saidi alishapita. Basi umeme ukirudi na mtandao ukikubali, napiga simu Moroni. Simu begani, mouse mkononi. Mtandao mbovu, kwa hiyo naongea kwa sauti ya mnadani.

Namuuliza walinzi wa mlango mkuu wanabadilishana saa ngapi. Namuuliza nikimmaliza wa mnarani, wa chini watasikia? Mlango wa nyuma una kufuli gani? Saidi naye ananielekeza, na mimi nayarudia maneno yake kwa sauti ili nisisahau.

Wakuu, Mutsamudu ina ngome. Ya mawe, iko kilimani, inautazama mji mzima. Nilikuwa naiona kila nikienda kazini.

Naapa haikunijia hata mara moja.

Dalili zilikuwepo. Msikitini, watu waliokuwa wananishika mkono wakasalimiana nami kwa ncha za vidole. Muuza mikate akaniambia imekwisha, na mimi naiona nyuma yake. Nikasema njaa imewabadilisha watu.

Siku hiyo mimi na Mzee Bakari tumetoka kuswali adhuhuri, tukakuta askari mlangoni. Ofisa mmoja mrefu, mtulivu, na vijana wake wawili wenye bunduki. Walimwambia Mzee Bakari wanataka kuingia. Mzee akawajibu nyumba si yake, wamsubiri mwenyewe.

Na wakasubiri. Kijana mmoja akatumwa sokoni kumwita.

Koko akaja kwa mwendo wake wa kila siku. Akawaambia wavue viatu. Wakavua, wakaingia peku na bunduki zao. Leo nacheka, siku ile sikuthubutu.

Kingazija changu, lugha ya Moroni niliyoiokota huko, kilikuwa kinachechemea huku Nzwani, ila nilielewa vya kutosha, mengine Koko alinifafanulia baadaye. Ofisa alisema majirani wamemsikia huyu Mtanzania akipiga simu Moroni, akiuliza walinzi wa ngome, milango yake, na jinsi ya kumuua wa mnarani.

Kisha akamgeukia Koko. Akamwambia, wewe Kiswahili unakijua na unalala chumba cha pili. Ulikuwa unamsikia. Alikuwa anasema nini?

Waliochukuliwa siku zile kwa tuhuma kama hizo, wengine hatukuwaona tena mtaani.

Koko akajibu, "Mchezo. Kuna mchezo kwenye mashine yake, anacheza na ndugu yake. Watu wazima ovyo."

Ofisa akasema vizuri, auonyeshe.

Betri ya laptop ilishakufa zamani, bila umeme haiwaki. Na mgao wetu ulikuwa unarudi alasiri, siku ukipenda. Nikamwambia hivyo. Alinitazama kwa namna ambayo nilijua kabisa naonekana mwongo.

Akamwambia Koko kwamba watasubiri. Umeme usiporudi, au ukirudi na pasiwe na mchezo, nitaondoka nao, na yeye pia ataondoka nao, kwa kuwa amesema mbele ya mashahidi. Koko akamjibu ameshasema, hana la kuongeza. Akaenda kupika chai.

Tukakaa. Sijawahi kuona alasiri inachelewa namna ile. Mzee Bakari alikuwa anatazama miguu yake. Koko alikuwa na tasbihi mkononi, midomo inakwenda, na hakunitazama hata mara moja. Nikajua amenikasirikia kwa kumletea bunduki nyumbani. Nikawa naomba umeme kama watu wanavyoomba mvua.

Adhana ikapita. Wakaswali kwa zamu, bunduki hazikubaki peke yake.

Kisha feni ikaanza kuzunguka.

Nikawasha. Laptop yenyewe ya zamani, inawaka kwa madaha, ofisa amesimama nyuma ya shingo yangu. Gemu ikafunguka pale nilipoisevu: ngome, kilima, mlinzi na mkuki wake, na theluji imejaa kila mahali. Kijana mmoja akauliza ule weupe ni nini.

Ofisa akanionyesha kidole. Ingia.

Wakuu, mwizi wangu alikuwa level ambayo wengi wenu humu hamjaifika. Lakini siku ile bunduki zilikuwa nyuma yangu. Hatua chache tu, jicho likafumbuka, mlinzi akapiga kelele, nikachomwa. Nikaanza upya, nikachomwa tena. Safari nyingine nikaanguka ukutani mwenyewe bila kuguswa na mtu.

Ofisa akasema neno, vijana wake wakaangua kicheko. Koko akanitafsiria kwa sauti kavu: anasema kama ni Moroni ndiyo imekutuma wewe, basi leo atalala usingizi.

Halafu yule bwana akainama, akagusa kioo. Akauliza kwa nini naenda mlinzi akiwa amesimama, badala ya kusubiri ageuke nipite naye mgongoni. Nikafanya hivyo. Nikapita.

Alikuwa sahihi kabisa, na sijapata kumshukuru.

Akachukua simu yangu na laini yake. Akaniambia nisitoke mtaani, na Moroni nisahau kama ipo. Wakavaa viatu mlangoni, wakaenda zao.

Koko akafunga mlango na komeo. Akaja kukaa kitandani kwangu, tasbihi ingali mkononi.

"Hebu uwashe tena," akasema.

Nikawasha. Akamwangalia yule mlinzi wa theluji kwa muda mrefu. Mlinzi akaenda, akarudi, akaenda.

"Kwa hiyo ni mchezo kweli."

Nikamwambia, Koko, si wewe mwenyewe uliyewaambia?

"Niliwaambia mchezo kwa sababu sikupata uongo mwingine."

Sikuelewa. Akanieleza polepole. Siku zote zile alikuwa ananisikia ukutani, neno kwa neno. Walinzi, mnara, mlango wa nyuma. Aliamini mimi ni jasusi wa Moroni, hana shaka hata chembe. Alikuwa analala akijua amemlaza jasusi chumba cha pili, na asubuhi ananipikia chai.

Nikamuuliza kwa nini hakunifukuza basi, au kwenda kusema mapema akajiokoa yeye na mumewe.

"Nilikula kwa bibi yako nilipokuwa sina kwangu," akasema. "Na bibi yako nitakutana naye ahera. Ningemwambia nini?"

Nililia, wakuu. Mtu mzima, mbele ya gemu, nikalia.

Majeshi yalipofika kweli na milio ya risasi ikaisha, boti zikaanza tena, nikarudi Moroni. Saidi alidhani nimenuna, ndiyo maana sipokei simu. Nilipomsimulia alikaa chini.

Fundisho langu ni hili. La kwanza ni la kipumbavu: mji wenye ngome usijadili ngome kwa simu. La pili limenichukua miaka kulikubali. Nilihangaika kumjenga mtu asiyeonekana na asiyemhitaji yeyote, na siku yangu ilipofika nilipona kwa mwanamke aliyenisikia kila neno akaniona mbaya, na bado akakaa upande wangu.

Build nitawaelekeza wanaotaka, ulizeni hapo chini. Ila kwanza nijibuni hili: nani kati yenu ameshawahi kutetewa na mtu aliyeamini kabisa kwamba una hatia? Na je, ulimrudishia nini? Mimi mpaka leo sijajua.